Kusi limekaza, mko wanne tu: mashua ya mashindano Lamu

Nimerudi Lamu baada ya miaka mingi Uholanzi. Kule mashindano ya matanga ni ya vyombo vyepesi vya faiba, na chombo kikigeuza omo (mbele ya chombo) tanga huvuka lenyewe. Wengi tunaorudi hupewa nafasi kwenye mashua kwa kuwa tunajua kusoma upepo. Huo upepo kweli tunausoma, ila mikono yetu imezoea chombo kingine. Haya ni kwa yeyote atakayeingia mashindanoni siku ya kusi kali, mwezi wa saba au wa nane, na mabaharia wanne.

La kwanza huamuliwa pwani: mfunge tanga gani. Tanga la mashua si la kupunguzwa katikati ya safari. Mkishalitweka ndilo hilo. Upepo ukitoka noti (maili za bahari kwa saa) 10 ukafika 20, nguvu kwenye tanga haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Kundi kubwa likikaa goshini (upande upepo unakotoka) hulibeba tanga kubwa, lakini wanne muda wote watakuwa wakilegeza demani (kamba ya kukazia tanga) na tanga litakuwa likipiga makofi njia nzima. Fungeni dogo, lile ambalo mtaweza kulikaza moja kwa moja. Kama ni la pamba, limwagieni maji ya bahari kabla ya kuanza, maana nyuzi zikilowa hufumba na upepo haupenyi.

Kagueni foromali, mti unaobeba tanga, pale vipande vyake viwili vinapopishana. Kamba za hapo zikilegea, foromali hupinda katikati, tanga linafanya tumbo na chombo hakiendi joshi (kupanda kuelekea upepo) tena. Jarari, kamba ya kutwekea tanga, iwe ya polyesta. Ya nailoni hurefuka ikivutwa, hasa ikilowa, na foromali hushuka kidogo kidogo bila mtu kuona. Mashua iliyokaa juu siku nyingi ishusheni majini siku mbili tatu kabla, mbao zivimbe na kufunga, la sivyo baharia mmoja kati ya wanne atakuwa na kazi ya kufua (kutoa) maji tu.

Farumi, uzito wa kutuliza chombo, ni mifuko ya mchanga. Msijaze ya kilo 50. Jazeni ya kilo 20 hivi, mtu mmoja aweze kuivusha peke yake. Msiifunge. Mashua ya mbao ikijaa maji huelea, lakini ikiwa na mchanga uliofungwa ndani huzama nao. Na ulizeni mapema kama farumi inaruhusiwa kumwagwa baharini wakati wa kurudi na upepo wa tezi (wa nyuma ya chombo), kwa sababu hilo hubadilisha hesabu yote.

Sasa njia. Kutoka mjini kwenda Shela kusi liko usoni, kwa hiyo ni kubisha, yaani kupanda kwa kupinda huku na huku. Siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) maji hujaa kama saa kumi na kupwa kama saa nne. Mkianza saa mbili asubuhi, maji yanatoka na yanawasukuma kuelekea Shela, ila yanapambana na upepo, na kati ya Shela na Ras Kitau, rasi ya Manda iliyo ng'ambo, mawimbi husimama wima. Hapo chombo chenye uzito mwingi omoni huchota maji, basi sogezeni mifuko nyuma kidogo. Mkianza saa sita maji yanaingia, bahari ni tulivu zaidi lakini mkondo unawarudisha; bisheni karibu na kingo, ambako mkondo hupungua nguvu.

Mpango mzuri wa watu wanne ni wenye kukisi (kugeuza chombo na kuhamishia tanga upande wa pili) mara chache. Kila mkikisi mnapoteza mwendo, na hapo ndipo sisi tuliotoka ng'ambo huharibu. Mkono unataka kupitisha omo kwenye upepo kama kwenye chombo cha faiba. Kwenye mashua upepo ukilipiga tanga kwa mbele, linabandika kwenye mlingoti, foromali haisogei, chombo kinarudi nyuma na mlingoti unaweza kuvunjika. Nahodha aigeuze omo iufuate upepo kwanza, kwa upole, mpaka upepo uje tezini. Wa demani analegeza na kuipeleka kamba mbele. Wa gosi, kamba inayofunga mguu wa foromali mbele, anafungua na kuvuta mguu huo hadi kwenye mlingoti ili isimame wima, tanga lizunguke mbele ya mlingoti, kisha anafunga gosi upande mpya. Wa nne hahangaiki na tanga: kazi yake ni kuhamisha kamba inayoshikilia mlingoti kwenda goshini mpya, halafu mifuko. Kamba hiyo isipohama kabla ya demani kukazwa, mlingoti hauna kitu cha kuushika. Nahodha asipande joshi mpaka asikie sauti ya wa nne kwamba imefungwa.

Demani isifungwe kwa fundo hata dakika moja. Izungushwe mara moja au mbili kwenye boriti na mwisho wake ubaki mkononi. Pepo za ghafla zinazoshuka kwenye vilima vya mchanga vya Shela hazibishi hodi, na fundo lililolowa halifunguki kwa vidole wakati ubavu wa chombo umeshaingia majini.

Mkizunguka boya la juu, lile la upande upepo unakotoka, kurudi huonekana rahisi na ndiko wengi hupindukia. Upepo wa tezi ukihama upande, tanga hujirusha ng'ambo pamoja na foromali. Nahodha asielekeze tezi moja kwa moja kwenye upepo. Aache upepo uje kidogo pembeni, hata kama njia itarefuka. Mmoja akae kwenye jarari tangu boya hilo, kamba imeshapangwa isijisokote, tayari kutua tanga mara tu baada ya mstari wa mwisho, kwa kuwa mbele yake kuna gati na boti zilizofungwa.