Siku moja maishani mwangu: natengeneza aplikesheni ya mgahawa Sinza

Saa 1:30 asubuhi. Kwenye begi kuna kompyuta, chaja na simu tatu. Yenye kauli ya mwisho ni ile ya bei ya chini kuliko zote: Android ya RAM 2 GB, kioo kina ufa. Kitu kikipendeza kwenye kompyuta halafu kikakwama kwenye simu hiyo, bado hakijatengenezwa. Watu wakisikia "nabuni aplikesheni" wanadhani ni kazi ya kuchagua rangi. Rangi ya mgahawa huu ilichukua dakika kumi: kijani kile kile cha kibao cha nje. Wiki tatu zilizobaki zote zimekwenda kwenye wali.

Saa 2:30. Jikoni na daftari. Ubao wa ukutani una vyakula 14, lakini ubao unaficha mengi. Chukua kuku: robo au nusu, wa kukaanga, wa kuchoma au rosti, kwa wali mweupe au pilau. Hizo tayari ni sahani 12, hujagusa kachumbari wala pilipili. Ukizipanga zote, mteja atashuka na skrini mpaka njaa imtoke. Kwa hiyo kuku anabaki sahani moja yenye machaguo. Ya lazima yasipojazwa, kitufe cha "Weka kikapuni" hakiwaki. Yasiyo ya lazima yanafuata desturi ya jiko: kachumbari ipo, pilipili pembeni. Na sehemu ya kutafuta lazima ijue kuwa anayeandika "zege" anataka chipsi mayai.

Saa 4. Picha. Sahani karibu na dirisha, simu juu yake, basi. Picha moja ikitoka kwenye simu ina MB 3 au 4. Zikiwa 14 ni karibu MB 50 za bando la mtu ambaye hata hajaagiza. Nazipunguza upana hadi pikseli 600, kwa WebP (aina ya faili la picha lililo jepesi), kila moja isizidi KB 40.

Saa 5:30. Mama mwenye mgahawa anapita.

"Mwanangu, mbona sioni video ya mishkaki?"

"Shikamoo mama. Video itakula bando la mteja kabla hajala yeye."

"Marahaba. Basi weka fupi."

Fupi pia hapana. Tunakubaliana picha moja ya jiko la mkaa juu kabisa.

Saa 6:45 mpaka sijui saa ngapi. Hapa ndipo siku ilipokwenda. Tumefungua oda kwa wateja wachache wa ofisi za jirani, kwa majaribio. Saa 7:20 pilau inaisha. Saa 7:32 oda za pilau bado zinaingia, nne zimeshalipiwa, na keshia ananiangalia kana kwamba nimeila mimi.

Sababu ya kwanza ilikuwa mkono wangu. Kitufe cha "Imeisha" nilikiweka ndani ya mipangilio, mibonyezo mitatu kutoka skrini ya jikoni. Mpishi ana mafuta mikononi na foleni mbele yake; hawezi kwenda safari hiyo. Kitufe kinahamia skrini ya kwanza, kimoja kwa kila chakula, kikubwa cha kubonyezwa hata kwa kiungo cha kidole. Kubonyeza na kushikilia nimekataa, maana kidole chenye mafuta huteleza. Badala yake, baada ya mbonyezo mmoja neno "Rudisha" linabaki kwa sekunde tano, kwa aliyekosea.

Sababu ya pili haionekani kwa macho. Simu ya mteja huhifadhi menyu aliyoifungua saa 7:15, hivyo kwake pilau ipo. Seva inatakiwa iulizwe tena anapobonyeza "Lipa", kabla hela haijaguswa. Keshia alipendekeza tuandike idadi ya sahani za sufuria asubuhi, zipungue zenyewe. Wazo zuri, ila wanaokula mezani hawapiti kwenye aplikesheni, kwa hiyo hesabu inaanza kudanganya mapema. Idadi tumeiacha iwe ya kukumbusha. Mwenye kauli ni mpishi.

Katikati ya hayo akaja kaka mmoja kaunta, simu juu: "Nimeshalipa, ujumbe huu hapa." Tableti inasema "Inasubiri". Wote wawili wako sahihi. Mteja ameweka namba yake ya siri, hela imekatwa, lakini jibu la mtandao wa simu kuja kwenye seva yetu limechelewa. Hatari ni mtu kubonyeza "Lipa" mara ya pili. Kwa hiyo oda moja inabeba namba moja tu ya kumbukumbu ya malipo. Mbonyezo wa pili unaulizia hali ya malipo ya kwanza, hautumi ombi jipya. Skrini inasema wazi: "Usilipe tena. Tunasubiri jibu." Na keshia amepata sehemu ya kutafuta kwa namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe wa mteja, asibaki kubishana. Jambo lingine: usibashiri mtandao kwa tarakimu za mwanzo za namba. Tangu 2017 mtu anahama mtandao na namba yake. Muulize.

Kula kwangu mwenyewe kumefika saa kumi. Ugali, maana pilau iliisha.

Mchana wote printa ya jikoni ilikuwa inanichekea. Karatasi ni ya milimita 58, mstari unaingiza herufi 32. "Wali kuku robo wa kukaanga pilipili pembeni" ni 43, hivyo ikatoka "pilip" juu na "ili pembeni" chini, na mpishi akasoma vya juu tu. Sasa jina la chakula lina mstari wake, kwa urefu maradufu (upana maradufu ungebakiza herufi 16), na machaguo yanashuka chini moja moja. Hiyo ni karatasi ya jiko, si risiti. Risiti inatoka kwenye mashine ya EFD, ile ya kodi.

Giza limeingia, umeme ukakatika. Ruta ikazima, tableti ikabaki na chaji lakini bila intaneti. Laini ya simu ndani ya tableti ilikuwa kwenye orodha yangu tangu wiki ya kwanza, chini kabisa. Imepanda juu.

Kabla ya kufunga kompyuta, oda moja ya kesho: dada mmoja anataka chakula "saa 7". Aliandika kwenye maelezo, mfumo ukampangia 07:00, yaani saa moja asubuhi, mkaa haujawashwa. Nimempigia. Ni saa saba mchana, na anauliza kama pilau itakuwepo.