Kipande cha Chini cha Fomu

Jumamosi. Nimepanda kitongoji cha juu kwa miguu, mwendo wa saa mbili kasoro. Saa nne asubuhi ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya maharage, na Lushoto ya mwezi wa saba mnaijua, vidole vinakufa ganzi. Mimi ni muuguzi wa zahanati, na nilikuwa namfuata mhudumu wetu wa afya wa kujitolea, anayetembelea kaya na wagonjwa majumbani, ambaye miezi miwili mfululizo hakuleta rejesta yake. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: ripoti ya kituo inachelewa, wilayani wananipigia simu, kama umechoka sema tutafute mwingine.

Nimemkuta anapukuchua mahindi. Watoto wa jirani wanamwita "dokta". Zahanati hatupendi hilo, nami nimewahi kulikemea mbele ya watu. Kumbe cheo hicho ndicho malipo pekee anayoyapata bila kukatwa.

Sikupewa nafasi ya kutoa hotuba yangu. Nilikaribishwa uji, kisha akaniuliza, "Sista, unamkumbuka yule mtoto wa miezi saba?"

Sikumkumbuka. Akanikumbusha. Alimhesabia pumzi dakika nzima akapata 56, akarudia, 57. Kwa umri ule, kuanzia 50 ni pumzi za haraka, yaani dalili ya nimonia. Nimemfundisha mimi mwenyewe. Akaandika fomu ya rufaa, akampa mama yake mtoto hela ya bodaboda kutoka mfukoni mwake. Mama alifika kwetu Ijumaa saa tisa na nusu, tunafunga hesabu za chanjo. Akaambiwa asubiri. Akasubiri. Akaambiwa arudi Jumatatu. Fomu haikusomwa na mtu.

Ninaandika "akaambiwa" kana kwamba alisema ukuta. Ilikuwa zamu yangu.

Mtoto alipona, lakini ni baada ya kulazwa hospitali kwa siku kadhaa. Mama yake aliporudi hakumlaumu mhudumu. Alimwambia tu kwamba karatasi yako huko chini hawaijui. Tangu siku hiyo, kila nyumba anayobisha hodi anaiona sentensi hiyo kwenye macho ya watu.

Nimesimamia wahudumu wa kujitolea kwa miaka tisa, wako sita sasa, na nilijua kwa nini wanaacha: posho. Siwezi kusema si kweli. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unashauri wazi kwamba wahudumu wa afya wa jamii walipwe kulingana na kazi na saa zao, na mpango wa kitaifa uliozinduliwa Januari 2024, unaolenga wahudumu 137,294 kwa miaka mitano, nimeupokea kwa mikono miwili. Wangu hawa wa zamani bado wanasubiri zamu yao. Wanapewa nauli ya semina, fulana, na mwavuli ukipatikana mfadhili wa mwavuli. Mtu analima, analea, halafu tunamtarajia apande mlima kumgeuza mgonjwa aliyepooza asipate vidonda, na tunamshukuru kwa soda siku ya maadhimisho.

Lakini huyu hakuniambia habari ya pesa. Fomu ya rufaa ina vipande viwili. Cha juu anajaza yeye. Cha chini tunajaza sisi, tulimkuta na nini, tumempa nini, afuatiliwe lini nyumbani, kisha kinarudishwa kwake. Kwa miaka yote hiyo, ameniambia, amerudishiwa vinne. Amevihifadhi ndani ya Kurani ya marehemu mumewe. Kimoja nilikiandika mimi, na mwishoni niliweka "umefanya vizuri kumwahi". Sikumbuki kukiandika.

Sijui kwa nini nilidhani kusimamia ni kuhesabu. Mikutano yangu ya mwezi ni hivyo: kaya ngapi, wajawazito wangapi, wagonjwa wa majumbani wangapi. Mgonjwa akifariki, tunaandika kwenye safu ya maoni na kwenda mstari unaofuata, na aliyemwosha miezi minne ameketi pale pale kwenye benchi, kalamu mkononi.

Nimeomba radhi. Si kwa niaba ya kituo. Kwa niaba yangu. Nimeahidi kwamba mwenye fomu hatapanga foleni ya wote, na vipande vya chini vitajazwa siku ile ile. Ameguna tu. Ahadi zetu amezisikia nyingi.

Nilipoinuka akaingia ndani, akatoka na mapeasi kwenye mfuko wa rambo na rejesta. Nikaifungua. Miezi miwili yote ilikuwa imejaa, kaya kwa kaya, kwa mwandiko wake ule wa kulala. Hakuwa ameacha kazi hata siku moja. Alikuwa ameacha kutuletea sisi.

"Kuna mzee mguu umemvimba, ana sukari," akasema akinisindikiza hadi kwenye mgomba. "Nitamleta Jumanne mwenyewe. Utakuwepo?"

Jumanne nimepangiwa kliniki ya watoto kijiji kingine. Nimemwambia nitakuwepo, na sasa natafuta mtu wa kubadilishana naye zamu.