Tufaha la Kabale

Tumerudi hotelini sasa hivi, nguo bado zina unyevu wa ziwa.

Asubuhi tulipanda vilima vya Kabale kuona mashamba ya matufaha. Ndiyo, matufaha, hapahapa Uganda! Huku juu, karibu mita 2,000, baridi inayafaa. Mzee mwenye shamba alichuma moja, akalifuta kwa shati lake, akampa binti yangu: "Kula, mjukuu wangu."

Mchana tukateremka Ziwa Bunyonyi, tukapanda mtumbwi.

Karibu na Akampene mpiga kasia alituliza mikono.

Kisiwa chenyewe ni kidogo mno. Nyasi, na mti uliosimama peke yake. Zamani wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa waliachwa pale wafe kwa njaa. Baadhi waliokolewa na wanaume wasio na ng'ombe wa mahari.

Binti yangu ana miaka 16.

Alikuwa ameling'ata tufaha lake mara moja tu. Akalishusha mapajani, akawa anautazama ule mti mpaka ukapotea nyuma yetu.

Sasa amelala. Tufaha liko hapa mezani, alama ya meno imegeuka kahawia. Siwezi kulitupa.

Mliofika Bunyonyi na mabinti zenu, mliwaambia nini?