Mtaa wa Aisilandi

Basi kutoka Riga lilitushusha Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, alasiri, baridi inauma masikio, nami ndani ya koti la mtumba nililouziwa Dar kwa kuapiwa kwamba ni la theluji. Nikaenda moja kwa moja Islandijos gatvė, yaani Mtaa wa Aisilandi.

Ni mtaa mfupi wa mji mkongwe, baa mlango kwa mlango. Nilipokuwa nikipiga picha kibao cha jina, kijana mmoja alinipisha huku anacheka. Nadhani kwake hapo ni pa bia tu.

Lithuania ilitangaza uhuru kutoka Umoja wa Kisovyeti tarehe 11 Machi 1990. Wakubwa wa Magharibi walitoa maneno matamu, lakini kuitambua wakasita. Hakuna aliyetaka kumuudhi Gorbachev, kiongozi wa Wasovyeti. Ndipo Bunge la Aisilandi, nchi ya watu kama robo milioni, isiyo na jeshi, likathibitisha tarehe 11 Februari 1991 kwamba linaitambua. Na hao Wasovyeti ndio waliokuwa wakiwauzia Waaisilandi mafuta na kununua samaki wao! Moscow ikamwita balozi wake nyumbani. Uhusiano wa kibalozi wenyewe kati ya Aisilandi na Lithuania ulianzishwa Agosti 26, baada ya jaribio la mapinduzi la Moscow kushindwa, katika nyumba ya Höfði, Reykjavik, ileile walimokutana Reagan na Gorbachev mwaka 1986.

Kesho yake nilipanda trolibasi hadi mnara wa televisheni, Karoliniškės. Januari 13, 1991, vifaru vya Kisovyeti vilikuja kuuteka, watu wakauzingira mikono mitupu. Raia 14 walipoteza maisha kutokana na shambulio lile. Mitaa ya jirani ina majina yao. Bibi mmoja alikuwa akipangusa theluji juu ya jiwe la kumbukumbu kwa glavu yake, taratibu, herufi kwa herufi. Nilimwamkia kwa kichwa, naye akaitikia vivyo hivyo.

Usiku nikarudi Islandijos kupasha mwili moto. Mhudumu akauliza natokea wapi, na bia ikanipa maneno. Nikamwambia hata sisi Watanzania tumewahi kutangulia: Aprili 13, 1968, serikali ya Mwalimu Nyerere iliitambua Biafra kabla ya nchi nyingine yoyote.

Akauliza Biafra iko upande gani wa Afrika.

Nikamwambia haipo tena.