Mwanga Uliotulia: Ninavyofanya Kazi na Kipandauso cha Vestibula

Watu wakisikia kipandauso hufikiria kichwa kinachogonga upande mmoja. Changu mara nyingi hakiumi kabisa. Sakafu inaanza kuyumba, kichefuchefu kinapanda, sauti za kawaida zinageuka kelele, na kioo cha kompyuta ninachokitazama kila siku kinakuwa hakitazamiki. Kabla ugonjwa haujajulikana nilipimwa presha, malaria, sukari na masikio. Majibu yote yalikuwa mazuri, na mashangazi wakaanza kunong'ona habari za majini. Daktari wa mishipa ya fahamu ndiye aliyeniambia kuwa ni kipandauso cha vestibula, yaani kile kinachovuruga mfumo wa usawa wa mwili. Vigezo vya kuutambua vilikubaliwa kimataifa mwaka 2012: uwe umepatwa na kizunguzungu cha kutosha kukukwamisha angalau mara 5, kila mara kati ya dakika 5 na saa 72, uwe na historia ya kipandauso, na angalau nusu ya mara hizo kizunguzungu kiambatane na kichwa kuuma, kukerwa na mwanga na sauti, au kuona vimulimuli. Kwa hiyo unaweza kuugua vibaya bila maumivu, na hapo ndipo wengi wetu tunapoambiwa tunajifanya.

Mimi ni mhasibu katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Dar es Salaam. Siku nzima ni Excel. Ubongo hujua mwili umekaaje kwa kusikiliza sikio la ndani, macho na misuli kwa pamoja. Ukiskroli ukurasa mrefu, macho yanaleta habari kwamba kuna mwendo, huku sikio likishikilia kwamba umekaa. Mtu mwenye afya hahisi chochote. Kwangu mimi inatosha kuharibu mchana wote.

Jambo ninalotaka wenzangu walijue ni hili: kilichonitesa zaidi hakikuwa ukali wa mwanga. Kilikuwa mwanga usiotulia. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani hubadili mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo tyubu za zamani zenye choki na stata hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, ubongo unapokea. Utafiti wa Arnold Wilkins na wenzake, uliochapishwa Uingereza mwaka 1989, ulionyesha kuwa wafanyakazi wa ofisi walipowekewa tyubu zinazoendeshwa kwa masafa ya juu, yaani zisizopepesa kiasi cha kusumbua, maumivu ya kichwa na uchovu wa macho yalipungua kwa kiasi cha nusu. Fundi umeme alipokuja ofisini alisema, "Dada, taa hizi ni nzima." Nikamwomba azitazame kupitia kamera ya simu, kwenye video ya mwendo wa pole. Michirizi myeusi ikawa inapita kwenye kioo. Hakubishana tena. Mzee, yaani bosi wetu, alikubali tubadilishe zile za juu ya meza yangu kwanza, tuweke za LED, na wahudumu wa kaunta nao wakaomba. Si kila taa ya LED inafaa. Za bei ya chini sana nyingi hupepesa vilevile, ndiyo maana sasa nazipima kwa simu dukani kabla sijalipa.

Halafu kuna feni. Feni ya dari ikiwa chini ya taa, mapanga yake yanaukata mwanga, na meza nzima inapepesa. Sijawahi kumsikia daktari akilitaja hili, lakini nyumba na ofisi zetu zimejaa mpangilio huo. Nilihamisha meza, nyumbani nikanunua feni ya kusimama. Kati ya yote niliyofanya, hilo ndilo lililoleta nafuu ya haraka zaidi.

Kwenye kompyuta nimeacha kuzungusha gurudumu la kipanya. Naruka ukurasa kwa ukurasa kwa Page Down, na safu ya vichwa nimeigandisha isitembee. Maandishi nimeyakuza, rangi nyeupe ya nyuma nimeifanya kijivu hafifu. Mwangaza naupima kwa karatasi: naishika kando ya kioo, na kioo kisiwe kikali kuliko karatasi wala chenye giza kuliko yenyewe. Simuni nimeondoa uhuishaji, yaani miondoko ya picha kwenye kioo, katika mipangilio ya ufikivu. Simu nyingi zenye kioo cha aina ya OLED hupunguza mwanga kwa kuuzima na kuuwasha upesi, kwa hiyo ukiushusha sana usiku unaweza kujiongezea mpepeso. Afadhali uache mwanga wa wastani na uwashe taa ya chumba. Ndugu wanajua kwamba habari ndefu wanitumie kwa sauti, na video za mkononi zinazotikisika sizifungui.

Miwani ya jua naivaa nje tu. Daktari alinikataza kuivaa ndani, kwa sababu macho yakizoea giza, mwanga wa kawaida unazidi kuchoma. Kwa sababu hiyohiyo sijifungii chumbani mapazia yakiwa yameshushwa, isipokuwa kizunguzungu kikiwa kimeshika kweli. Kwenye basi la safari nakaa upande usio na jua, kwani jua linalopita katikati ya minazi ni mpepeso mtupu, tena kufumba macho hakutoshi. Najifunika mtandio usoni.

Haya yote hayakuchukua nafasi ya dawa. Nameza propranolol kila siku kama kinga, niliyoandikiwa baada ya kuulizwa kama nina pumu, maana mwenye pumu haimfai. Nala kwa wakati, nalala kwa wakati. Na nimeagizwa kwamba nikipatwa na udhaifu wa upande mmoja, ulimi kuwa mzito au sikio kuziba ghafla, nisisingizie kipandauso, niende hospitali saa ileile.

Kumbi za harusi bado zinanishinda. Taa zinazozunguka, kamera yenye mwanga mkali usoni, vioo kila ukuta. Nimezungumza na wifi zangu: mimi nitakuwa kwenye ndoa asubuhi na jikoni mchana, na mchango wangu nitautoa mapema. Kwenye harusi ya mwezi uliopita walinitengea meza nje, karibu na wapishi, na shangazi mmoja mwenye presha akaja kukaa nami.