Kibanda Wakati Ghala Limejaa

Masomo ya wiki: Walawi 23:33–43, Kumbukumbu la Torati 16:13–15, Nehemia 8:13–18, Yohana 7:37–39

Wapendwa katika Bwana,

Siku ya kumi na tano ya mwezi wa saba wa Kiebrania, mwezi uitwao Tishri, ambao huangukia Septemba au Oktoba, Wayahudi popote walipo hutoka ndani ya nyumba zao na kwenda kula, na wengine hata kulala, katika vibanda walivyovijenga uani, juu ya dari au kwenye roshani. Zimepita siku tano tu tangu Siku ya Upatanisho, ile siku ya kufunga na kutubu, na wako wacha Mungu ambao huanza kusimamisha nguzo za kibanda usiku uleule mfungo unapokwisha. Sikukuu hii, ambayo wao huiita Sukoti, na ambayo Biblia zetu huiita Sikukuu ya Vibanda, ni mojawapo ya zile tatu ambazo Torati iliwaamuru wanaume wote wa Israeli kuhudhuria mbele za Bwana, pamoja na Pasaka na Sikukuu ya Majuma, ambayo sisi tunaijua kama Pentekoste. Pasaka tunaihubiri kila mwaka, na Pentekoste tunaikumbuka. Hii ya tatu tunaisoma kwa haraka tukielekea sura nyingine, jambo ambalo ni hasara kwetu, kwa sababu ina neno ambalo sikukuu zile mbili hazilisemi kwa namna hii.

Tuanze na wakati wake. Kitabu cha Kutoka kinaiita sikukuu ya kukusanya mavuno, na Kumbukumbu la Torati linasema iadhimishwe baada ya watu kukusanya nafaka kutoka sakafuni na divai kutoka shinikizoni. Kazi ya mwaka imekwisha, ghala limejaa, mitungi ya mafuta na ya divai imefungwa. Lakini Walawi 23 inatoa sababu ambayo haina uhusiano wowote na shamba: kaeni katika vibanda siku saba, ili vizazi vyenu vijue ya kuwa Mungu aliwakalisha baba zenu katika vibanda alipowatoa katika nchi ya Misri. Msomaji makini ana haki ya kuuliza hapo. Kama jambo linalokumbukwa ni safari ya jangwani, mbona sikukuu haikuwekwa katika majira ya kuchipua, mara baada ya Pasaka, wakati uleule Israeli walipotoka Misri?

Swali hili liliwashughulisha walimu wa Kiyahudi kwa karne nyingi. Jacob ben Asher, mwanasheria aliyeandika nchini Hispania katika karne ya 14, alijibu kwamba majira ya joto yanapoanza kila mtu hujitengenezea kivuli cha kupumzikia, kwa hiyo kibanda cha wakati huo kisingekuwa ishara ya kitu chochote. Lakini mwezi wa Tishri, mvua zinapokaribia na watu wanaingia ndani, anayetoka nje ataonekana wazi kwamba anatoka kwa sababu ya amri. Ni jibu zuri, ingawa mimi navutwa zaidi na lile la Samuel ben Meir, aliyeishi Ufaransa katika karne ya 12. Yeye aliifungua sura ya 8 ya Kumbukumbu la Torati, pale Musa anapowaonya watu watakaokula na kushiba na kujenga nyumba nzuri wasije wakasema moyoni, “Nguvu zangu na uwezo wa mkono wangu ndio ulionipatia utajiri huu.” Kwa maelezo yake, mtu anatolewa katika nyumba yake iliyojaa kila kitu kizuri, wakati hasa imejaa, ili akumbuke kwamba baba zake hawakuwa na nyumba wala urithi.

Tulizingatie jambo hilo kwa makini. Mwenye njaa hahitaji sikukuu ya kumkumbusha kwamba anamtegemea Mungu, maana tumbo lake linamwambia hivyo kila asubuhi. Anayehitaji kukumbushwa ni yule ambaye mlango wa ghala lake haufungiki kwa wingi wa magunia. Sisi tumezoea kukumbuka udhaifu wetu msibani, hospitalini na wakati wa ukame; Torati inaagiza udhaifu huo ukumbukwe mezani, katika wiki yenye chakula kingi kuliko wiki zote za mwaka, na tena ukumbukwe kwa furaha. Amri ya kufurahi imetajwa katika Walawi na kurudiwa mara mbili katika Kumbukumbu la Torati 16, hata Wayahudi katika sala zao wakaipa sikukuu hii jina la majira ya furaha yetu.

Marabi hawakuacha kibanda kiwe kama mtu apendavyo. Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo uliokamilishwa yapata mwaka 200, inasema kibanda kisizidi kimo cha dhiraa ishirini wala kisipungue viganja kumi. Paa liwe la kitu kilichoota ardhini na kukatwa, kama matawi, makuti au matete. Kibanda kilichojengwa chini ya mti au ndani ya nyumba si kibanda. Kivuli kiwe kingi kuliko jua, lakini desturi inataka paa lisifunikwe mno hata nyota zisionekane. Msomaji wa pwani anayelijua paa la makuti lililochakaa hahitaji maelezo zaidi, ila tu aelewe kwamba hapa upenyo huo umekusudiwa. Na mvua ikinyesha? Mishna inaruhusu watu kuingia ndani pale uji unapoanza kuharibika kwa maji, kisha inaongeza mfano wenye uchungu: ni kama mtumishi aliyekuja kumtilia bwana wake kikombe, naye bwana akammwagia maji ya mtungi usoni.

Hata kuhusu vibanda vya jangwani walimu hao hawakukubaliana. Wako waliosema vilikuwa vibanda halisi vya miti na majani, na wako waliosema vilikuwa mawingu ya utukufu yaliyowafunika Israeli njiani. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, inahifadhi maoni yote mawili, na kwa maoni yangu ni vyema hivyo, kwa kuwa aliyeketi chini ya matawi yanayopitisha upepo anayahitaji yote mawili: ukweli kwamba kinga yake ni duni, na ukweli kwamba aliyewalinda baba zake hakuwa kinga hiyo.

Zaidi ya kibanda, iko amri ya mimea minne ya Walawi 23:40, ambayo mapokeo yaliitambua kuwa tunda la jamii ya limau lenye harufu nzuri, kuti changa la mtende, matawi ya mihadasi na matawi ya mierebi. Huunganishwa na kutikiswa kuelekea pande zote, wakati Zaburi za sifa, ya 113 hadi 118, zinapoimbwa. Midrashi, yaani mafafanuzi ya kale ya marabi juu ya Maandiko, inalifananisha tunda lenye ladha na harufu na watu wenye elimu ya Torati na matendo mema. Mtende una ladha bila harufu, mhadasi una harufu bila ladha, na mwerebi hauna chochote. Lakini Mungu anasema wafungwe wote pamoja, hawa wawafanyie hao upatanisho. Mwerebi hautupwi. Bila huo amri haijatimizwa.

Hekalu liliposimama, jambo lililowavuta watu kuliko yote lilikuwa maji. Kila asubuhi ya siku zile saba, kuhani alichota maji kwa chombo cha dhahabu katika birika la Siloamu, akapanda nayo kupitia Lango la Maji huku pembe zikipigwa, akayamimina juu ya madhabahu pamoja na divai. Mishna inasimulia kwamba kuhani mmoja aliwahi kuyamwaga miguuni pake, na watu wote wakampiga kwa yale matunda waliyoyashika, na tangu hapo ikawa kuhani huambiwa ainue mkono wake juu ili kila mtu aone. Usiku ziliwashwa taa kubwa za dhahabu katika ua wa wanawake, tambi zake zikiwa zimetengenezwa kwa mavazi ya makuhani yaliyochakaa, wala hapakuwa na ua Yerusalemu usiofikiwa na nuru ile. Wazee wenye heshima walicheza wakiwa na mienge mikononi, na Walawi waliimba wakiwa juu ya ngazi kumi na tano. Mishna inasema ambaye hakuiona furaha ile hakuona furaha maishani mwake.

Nchi ya Israeli hupitisha miezi mingi ya joto bila mvua, kwa hiyo siku hizi za Tishri huwa zimefika mwisho wa kiangazi kirefu. Ghala limejaa kwa mvua ya mwaka uliopita. Mvua ya mwaka ujao haijulikani. Mishna inafundisha kwamba katika sikukuu hii ulimwengu huhukumiwa kuhusu maji, na nabii Zekaria, sura ya 14, anayaona mataifa yaliyosalia yakipanda Yerusalemu mwaka kwa mwaka kuiadhimisha, na lile lisilopanda halipati mvua. Hata wale mafahali sabini wa Hesabu 29, wanaoanza na kumi na watatu siku ya kwanza na kupungua hadi saba siku ya saba, Talmudi inasema walitolewa kwa ajili ya mataifa sabini ya dunia. Shukrani za mavuno zilizotolewa pale hazikuwa za Israeli peke yao.

Basi tunaposoma Yohana 7, tusome tukiwa tunayasikia maji yale. Yesu, Myahudi aliyepanda kwenda katika sikukuu ya baba zake, alisimama siku ya mwisho, siku ile kubwa, akapaza sauti: “Mtu akiona kiu, na aje kwangu anywe.” Aliwaambia hayo watu ambao kwa siku kadhaa walikuwa wameyatazama maji yakimiminwa, watu walioshiba mavuno na kuimba usiku kucha. Kiu anayoitaja si ya maskini aliyekosa kisima. Yohana mwenyewe anaeleza kwamba alisema habari ya Roho, na sura inayofuata inaleta lile tamko la nuru ya ulimwengu, ambalo ni vigumu kulitenga na taa zile za uani. Birika lenyewe si hadithi tu: mwaka 2004, mafundi waliokuwa wakishughulikia bomba la majitaka huko Yerusalemu walizifukua ngazi za mawe za birika la Siloamu la wakati wa Hekalu la pili. Wahubiri wengine huongeza vile vibanda vitatu ambavyo Petro alitaka kuvijenga mlimani. Huenda viko karibu na sikukuu hii, lakini Injili haisemi, nami sitalazimisha.

Nehemia 8 ndiyo sura ninayowaomba muisome polepole. Watu waliorudi kutoka uhamishoni walikuwa wamelia waliposikia Torati ikisomwa, wakakatazwa kulia na kuambiwa kwamba furaha ya Bwana ni nguvu zao. Siku ya pili wakakuta imeandikwa habari za vibanda, wakapanda mlimani kuleta matawi ya mizeituni, ya mihadasi na ya mitende, wakajenga juu ya dari zao, katika nyua zao, katika nyua za nyumba ya Mungu, katika uwanja wa Lango la Maji na wa Lango la Efraimu. Mwandishi anasema tangu siku za Yoshua mwana wa Nuni hawakuwa wamefanya hivyo. Sulemani aliwekea wakfu Hekalu katika sikukuu hii ya mwezi wa saba, kwa hiyo haikuwa imesahaulika kabisa. Yaelekea kilichopungua ni vibanda vyenyewe. Ni rahisi kuishika sikukuu na kuiacha sehemu inayosumbua.

Karibu na kwetu iko jamii ya Abayudaya, katika vilima vya Mbale mashariki mwa Uganda, waliofuata njia ya Torati tangu mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu kwa kuisoma Biblia, na wakadumu hata utawala wa Idi Amin ulipopiga marufuku ibada zao. Wao walifika kwenye sikukuu hizi kwa kusoma sura zilezile tunazozisoma wiki hii.

Kumbukumbu la Torati 16:14 inawataja watakaofurahi pamoja na mwenye shamba: mwana wake na binti yake, watumishi wake, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mapokeo ya baadaye yaliongeza wageni wasioonekana, Abrahamu, Isaka, Yakobo, Musa, Haruni, Yusufu na Daudi, wanaokaribishwa kibandani kila siku mmoja. Lakini wale walioandikwa katika Torati ni wa kuonekana, tena wanakula. Na katika jumuiya nyingi, Sabato ya wiki hiyo husomwa Mhubiri, kitabu cha mtu aliyejijengea majumba na kupanda mizabibu, kisha akayatazama yote.

Siku ya nane watu hurudi ndani ya nyumba zao, na katika sala za siku hiyo huanza kumtaja Mungu aletaye mvua. Lakini kumtaja si kuomba. Katika nchi ya Israeli, ombi lenyewe la mvua husubiri hadi siku ya saba ya mwezi unaofuata, siku kumi na tano baada ya sikukuu kwisha, na sababu imeandikwa katika Mishna, kwa fundisho la Rabban Gamaliel: ili wa mwisho kati ya mahujaji waliotoka mbali awe ameufikia mto Frati. Mwenye shamba anaitaka mvua leo, ardhi yake imekauka na mbegu iko tayari. Naye hataiomba bado, kwa kuwa yuko mtu njiani ambaye hajafika kwake.