Mjusi wa Ukungu, Swakopmund

Kazi ndiyo iliyonipeleka Namibia. Jumamosi moja nikapata nafasi, nikalipia safari ya asubuhi kwenye matuta ya mchanga kati ya Swakopmund na Walvis Bay. Jangwani, lakini nimevaa sweta: ukungu kutoka Atlantiki ulikuwa mzito hadi dereva akawasha taa.

Mwongozaji wetu alikuwa mzee asiyependa maneno mengi. Ghafla akasimamisha gari, akashuka na kufuata vijialama vya miguu vilivyoishia mahali pasipo na chochote. Akapiga magoti, akafukua kwa mkono taratibu, mkono ukazama mpaka juu ya kiwiko. Alipoutoa, kiganjani alikuwemo mjusi wa rangi ya waridi, ngozi yake nyembamba inapitisha mwanga hadi unaona vitu vya tumboni. Kati ya vidole ana utando kama wa bata, wa kufukulia mchanga na kumzuia asizame anapotembea juu yake.

Nilivutiwa zaidi na macho: makubwa, hayana kope. Mzee akampulizia maji kidogo kwa chupa, kuiga ukungu wa usiku. Matone yakatuama juu ya jicho. Ulimi ukatoka, mrefu kuliko nilivyotarajia, ukapangusa jicho moja, kisha la pili. Mchanga umeondoka, na maji yamenyweka. Pwani ile hupata mvua isiyofika milimita 20 kwa mwaka, kwa hiyo anayesubiri mvua pale atakufa na kiu.

Mzee akachora pwani mchangani kwa kidole: kusini-magharibi mwa Angola, pwani yote ya Namibia, hadi kona ya kaskazini-magharibi ya Afrika Kusini. Hayo ndiyo makao ya mjusi huyu, kipande chembamba kinachofuata bahari. Mkondo baridi wa Benguela hupooza hewa yenye unyevu mpaka ikawa ukungu, upepo ukausukuma bara, hata Gobabeb, kituo cha utafiti jangwani, kilomita kama 60 kutoka baharini. Baridi hiyohiyo ndiyo inayozuia mvua. (Jina la kisayansi la mjusi huyu, *Pachydactylus rangei*, linamkumbuka Paul Range, mwanajiolojia wa Kijerumani wa enzi za ukoloni. Mimi ningempa jina la ukungu.)

Jua lilipoanza kupenya, mzee akamkinga kwa kofia, maana ngozi ile haistahimili jua. Akamweka chini upande wa kivuli, na mjusi akajifukia, mchanga ukiturukia viatuni.

Mama mmoja alikuwa bado anahangaika na kamera. Akaomba mjusi afukuliwe tena, mara moja tu.

"Mama, huyu hufanya kazi usiku. Mchana mwache alale."

Mama akanuna hadi Walvis Bay. Mimi nilikuwa upande wa mzee.